Goti la kijana linauma na kambi ya mkoa imekaribia: acheze au apumzike?

*"Habari za kazi daktari. Kijana wangu ana miaka 14, yupo kidato cha pili, anacheza winga timu ya shule. Tunaishi Bugarika, hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe. Tangu mwezi wa tatu analalamika goti la kulia, chini ya pia ya goti, na sasa pametokea kinundu kigumu, ukikigusa tu anaruka. Siku za mazoezi anarudi anachechemea, akikaa siku mbili tatu anapata nafuu, akirudi uwanjani linaanza upya. Amechaguliwa timu ya wilaya, na wiki tatu zijazo wanaingia kambini kujiandaa na UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa. Mwalimu wake anasema ni maumivu ya kukua, akaze. Duka la dawa walimchoma sindano ya diclofenac kabla ya mechi ya mwisho, akacheza vizuri kweli, ila usiku hakulala. Bibi yake anasema ni baridi yabisi, achanjwe. Baba yake anataka aache mpira kabisa. Mimi naogopa kile kinundu, nimesikia saratani ya mifupa huanza hivyo. Je, acheze au asicheze?"*

Mama, asante kwa kueleza kwa kina. Umenirahisishia kazi. Kwanza nikuweke sawa: mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, na goti lenyewe sijalishika. Lakini kwa umri wa kijana, mahali penyewe panapouma, na namna maumivu yanavyokuja na mazoezi na kuondoka na mapumziko, haya ni maelezo ya tatizo tunaloliona sana kwa wavulana wa sekondari wanaocheza mpira, basketi, wavu na riadha. Linaitwa Osgood-Schlatter, majina ya madaktari wawili, Mmarekani na Mswisi, ambao mwaka 1903 kila mmoja kwa upande wake alilieleza. Tunaliita ugonjwa kwa mazoea tu. Halina kijidudu, haliambukizi, na halitokani na kukosa kitu mwilini.

Kuhusu saratani, hofu yako haikutoka hewani. Ni kweli saratani ya mifupa inayowapata vijana hupenda kukaa karibu na goti. Ila tabia yake ni nyingine. Maumivu yake kwa kawaida hayajali kama mtoto amecheza au amelala. Yanamwamsha usiku, yanazidi wiki hadi wiki hata akikaa nyumbani, na uvimbe unaendelea kukua. Wa kwako akipumzika siku mbili tatu anapata nafuu. Usiku ule aliokosa usingizi ulikuwa baada ya mechi aliyoicheza akiwa hasikii goti, nao una maelezo yake, nitayafikia. Ila ukianza kuona usiku wa namna hiyo katika wiki ambayo hajagusa mpira, usinisubiri mimi wala mtu mwingine, mpeleke apigwe picha.

Sasa tuingie ndani ya goti. Msuli mkubwa wa mbele ya paja unashuka, unapita juu ya pia ya goti, unageuka kuwa kano nene, na kano hiyo inajishikiza kwenye mfupa wa muundi, vidole viwili vitatu hivi chini ya pia. Kwa mtu mzima pale ni mfupa mtupu. Kwa mvulana wa miaka 14 pale bado ni gegedu, sehemu laini ambayo haijamaliza kugeuka mfupa. Fikiria ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi kilichopigwa kwenye udongo wa masika: kamba haikatiki, ng'ombe hachoki, kinachoachia kidogo kidogo ni udongo. Kila anapopiga shuti, anapokimbia kasi, anapofunga breki ghafla ili amgeuze beki, na zaidi anaporuka na kutua, msuli unavuta pale pale. Mwili unajibu kwa kujaza mfupa mpya mahali panapovutwa. Kinundu unachokiogopa ndicho hicho: ukarabati ambao haupewi nafasi ya kumalizika.

Kwa nini umri huu? Wavulana wengi hupata tatizo hili kati ya miaka 12 na 15, kipindi wanachorefuka haraka hadi suruali ya sare ya Januari inakuwa fupi mwezi wa sita. Mifupa inarefuka, msuli wa paja unabaki umekaza, mvuto pale chini unaongezeka. Kwa hiyo mwalimu wake hajakosea kusema kukua kunahusika. Amekosea kuliita maumivu ya kukua. Hayo ni mengine: huwapata zaidi watoto wadogo, huja jioni au usiku, miguu yote miwili, hayana kinundu, na asubuhi mtoto anaamka anakimbia kama kawaida. Hayamchechemeshi mtu uwanjani.

Bibi naye, kwa heshima zote: baridi yabisi hukamata maungio yenyewe, yanavimba na kukaza asubuhi, na mara nyingi si goti moja tu. Kwa kijana wako kinachouma kiko nje ya ungio. Wembe wa kuchanja hautafika huko. Utakachofungua ni mlango wa pepopunda, homa ya ini na VVU. Mwambie bibi kwa upole, lakini usikubali. Na kama kuna jirani atakayekuja na ushauri wa vidonge vya madini ya chokaa, mpikie kijana dagaa. Dagaa wa ziwani huliwa mzima na mifupa yake, madini hayo yamo ya kutosha.

Nimekaa muda mrefu kwenye sentensi yako moja: "kule juu kwenye mawe." Watu wengi hawaliwazi hili. Kupanda Bugarika kunachosha mapafu, lakini kushuka ndiko kunakoumiza goti la namna hii, kwa sababu ukishuka msuli wa paja unafanya kazi ya kukuzuia usiporomoke, hatua baada ya hatua. Kijana anayeshuka asubuhi kwenda shule na mkoba mgongoni, akapanda, akashuka tena kwa maji, akapanda na ndoo, ameshalivuta goti mara mamia kabla hajavaa njumu. Siwezi kukuhamisha. Lakini katika wiki za maumivu ndoo ya maji abebe mwingine, na yeye afundishwe kushuka kwa hatua fupi, upande upande penye mwinuko mkali, asiruke jiwe hadi jiwe kama walivyozoea.

Halafu kuna msimu wenyewe. Ligi ya wakubwa mara nyingi inampa mchezaji siku kadhaa kati ya mechi na mechi. Michezo ya shule haiko hivyo. Inaanza mashindano ya madarasa, inakuja kata, wilaya, mkoa, kisha taifa mwezi wa sita, na kila ngazi inabanwa katika siku chache ili wanafunzi warudi darasani. Timu inaweza kucheza leo, kesho, na keshokutwa. Mchezaji mzuri ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu ndiye anayepanda kila ngazi. Ongeza ndondo ya mtaani Jumapili, ambayo naapa kijana wako anaicheza hata kama hajakwambia. Ongeza na uwanja: mwezi wa nne ardhi ina mvua, imelainika, mwezi wa sita imekauka na kuwa ngumu kama sakafu. Kwa hiyo msimu unamalizikia kwenye ardhi ngumu kuliko ulipoanzia, na mechi zimebanana kuliko mwanzo. Sioni ajabu goti lililoanza kulalamika mwezi wa tatu likazidi sasa.

Nije kwenye sindano. Diclofenac haikutibu chochote pale. Ilizima maumivu kwa saa kadhaa, na maumivu ndiyo yanayomfanya kijana apunguze kasi, akwepe kuruka, aombe kutoka. Alicheza vizuri kwa sababu hakuna kilichomzuia kuvuta kano kwa nguvu zote dakika zote. Dawa ilipoisha usiku, goti lilidai deni lake lote. Achilia mbali kwamba sindano ya matakoni ikichomwa vibaya inaweza kugusa mshipa wa fahamu wa mguu, na dawa za kundi hili zinakwaruza tumbo na kuzipa figo kazi, hasa kwa kijana anayetoka jasho juani bila kunywa maji. Kama siku fulani maumivu ni makali, paracetamol nyumbani baada ya mchezo inatosha. Kabla ya mchezo, hapana. Aspirini usimpe mtoto wa umri huu. Na mtu akikuambia achomwe sindano ya steroidi pale kwenye kinundu, kataa. Inaweza kudhoofisha kano yenyewe na kuharibu ngozi ya juu yake.

Sasa swali lako. Una njia tatu mbele yako, na nitakuwa mkweli kuhusu kila moja.

Njia ya baba, aache kabisa, itaondoa maumivu. Haina ulazima. Tatizo hili kwa kawaida huisha lenyewe mfupa ukishakomaa, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, na halimfanyi mtu kilema. Kumtoa mvulana wa miaka 14 kwenye timu kwa miaka miwili ni adhabu kubwa kwa kosa ambalo hakulifanya. Misuli nayo ikilala, akirudi ataanza na mapaja dhaifu zaidi.

Njia ya mwalimu, akaze, inawezekana kwa wengine. Kwa kijana anayechechemea kila baada ya mazoezi siiungi mkono. Hatari yenyewe si kubwa lakini ipo: mara chache, katika kuruka, ile sehemu laini inaweza kung'oka kabisa pamoja na kano. Hiyo ni dharura ya hospitali, wakati mwingine ya upasuaji.

Njia ya tatu ndiyo yangu: apunguze mzigo, aimarishe paja, arudi kwa hatua. Nchini Denmark waliwafuatilia watoto wa miaka 10 hadi 14 wenye tatizo hili kwa mpango wa wiki 12 wa namna hiyo, matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Baada ya wiki hizo 12 watoto 8 kati ya 10 walisema wamepata nafuu ya kweli. Lakini waliokuwa wamerudi kwenye michezo kikamilifu wakati huo walikuwa wachache, chini ya mmoja kati ya watano. Baada ya mwaka walifika karibu 7 kati ya 10. Nakupa hesabu hii ili mtu asikudanganye kwamba kuna dawa ya wiki tatu.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Wiki mbili za kwanza asikimbie kasi, asiruke, asipige mashuti. Anaweza kupiga pasi fupi akiwa amesimama, kutembea tambarare, kuendesha baiskeli kama haimuumizi. Kila siku akae chini, mguu umenyooka, akunje taulo au khanga aiweke chini ya goti, aikandamize kwa kukaza paja, ahesabu hadi kumi, alegeze. Arudie mara kumi, kila mguu. Kisha alale chali, magoti yamekunjwa, anyanyue kiuno, akishushe taratibu. Yakishakuwa mepesi, aegemee ukuta na kushuka kidogo kama anayetaka kukaa kwenye kiti kirefu, abaki hapo, apande. Kushuka zaidi kuje wiki za mbele. Kuvuta kisigino kuelekea makalioni ili kunyoosha paja kunasaidia, lakini akisikia kinundu kinauma aache kwa sasa.

Kipimo cha kumwongoza ni rahisi. Mwambie ayape maumivu alama, sifuri mpaka kumi. Mpaka tatu wakati wa zoezi, na asubuhi yake goti liko kawaida, anaendelea. Yakizidi hapo, au akiamka anachechemea, jana alizidisha, arudi hatua moja.

Barafu baada ya mazoezi, imefungwa kwenye kipande cha kitenge, dakika 15, ni nzuri kwa kutuliza. Kama friji haipo, hata barafu ya wauza samaki wa mwaloni inafaa, mradi isiguse ngozi moja kwa moja. Lakini naomba jambo moja, kwa kuwa najua vijana wa hapa wanavyofanya: asiende kusimama ziwani kupoza goti. Maji yale yaliyotulia ya ufukweni, penye majani, ndiyo makao ya konokono wa kichocho. Tutakuwa tumetuliza goti na kununua ugonjwa mwingine unaomla damu taratibu, halafu mwalimu aseme kijana hana pumzi. Kama ameshaoga ziwani mara nyingi, na wengi wameshaoga, mwambie mhudumu wa zahanati ampime.

Kuhusu kambi ya mkoa, nitasema ninavyoona. Zikibaki siku chache kabla ya kuondoka, mjaribu nyumbani: ashuke mlima wenu bila kuuma, aruke kwa mguu mmoja wa kulia mara kumi bila kuvuka alama tatu, akimbie mbio za wastani, na kesho yake aamke anatembea vizuri. Akipita yote, aende, na mwalimu wa timu aambiwe mapema kwamba ni mchezaji wa kipindi kimoja, si wa dakika zote za kila siku. Akishindwa hata kimoja, abaki. Kwa jinsi ulivyomweleza sasa, nadhani hatapita. Ningekuwa mimi, mwaka huu ningemkosesha mkoa. Najua inauma, kwa sababu kambini ndiko kijana anakoonekana, na hatakosa kulia. Lakini yupo kidato cha pili. Cha tatu na cha nne bado vinamsubiri, na mwezi wa kumi na moja ana upimaji wa taifa ambao kwa vyovyote vile unamhitaji mezani.

Nenda shuleni mwenyewe, ikiwezekana na baba yake. Walimu wa michezo hawa wana vipindi darasani, wana wachezaji wengi na mipira michache, na mara nyingi hakuna aliyewafundisha habari ya magoti yanayokua. Ukifika na neno "mwanangu anaumwa" atasikia "asicheze" na mtavutana. Fika na kazi: anaweza pasi, anaweza mazoezi ya juu ya mwili, anaweza kusaidia kupanga koni, hawezi kuruka wala kukimbia kasi mpaka tarehe fulani. Na umwombe kitu kimoja kwa msisitizo: asimrushe kichura. Kile cha kuchuchumaa na kurukaruka kuzunguka uwanja, kiwe zoezi au adhabu, ni kitu kibaya kuliko vyote kwa goti hili. Vivyo hivyo adhabu ya kupiga magoti kwenye sakafu. Hata kanisani au kwenye swala aweke kitu laini chini, au akae, Mungu anaelewa.

Sasa, ni lini umpeleke hospitali bila kusubiri mpango wowote? Akisikia goti "limepasuka" ghafla akiruka au akipiga mpira, na akashindwa kunyoosha mguu au kuukanyagia, ni siku hiyo hiyo, na asikanyage njiani. Goti likivimba lote likawa la moto, akawa na homa. Akiumwa usiku akiwa amepumzika, akapungua uzito. Goti likikwama lisikunjuke. Na hili mara nyingi hupita bila kuonwa: kijana anayechechemea, anasema goti linauma, lakini ukiligusa goti halina kitu, na akilala mguu unageukia nje. Hapo tatizo linaweza kuwa kwenye nyonga, na nyonga ya umri huu ikiteleza haina subira.

Kanda yetu ya Ziwa pia ina siko seli kwa wingi kuliko sehemu nyingi za nchi. Kama kijana amekuwa akiugua mifupa tangu mdogo, au amewahi kuongezwa damu, au kuna ndugu mwenye siko seli, apimwe damu kabla hamjaamini maneno yangu, kwa sababu maumivu ya mifupa kwa mtoto wa namna hiyo yana maana nyingine kabisa.

Hata bila dalili hizo, ningependa mtu amshike hilo goti mara moja kabla ya wiki hizi mbili kuisha. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, wakiona haja watampa rufaa kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando, na uliza kitengo cha fiziotherapia. Mara nyingi picha ya eksirei haihitajiki. Kukandamiza kidole pale kwenye kinundu na kumwambia anyooshe mguu huku mtu anauzuia, kunatosha. Aende na kaptula na njumu zake, na mguu wa kushoto nao uangaliwe, maana kwa baadhi ya vijana hufuata.

Kinundu chenyewe usikisubiri kiondoke. Maumivu yataisha, uvimbe laini wa juu yake utapungua, lakini mfupa ulioota mara nyingi hubaki hadi utu uzima. Hautamzuia kukimbia. Utamsumbua akipiga magoti kwenye sakafu ngumu.